Uso Uliogoma Mubashara

Ukiamka leo ukakuta uso wako umegoma upande mmoja, jicho halifumbi na chai inakumwagikia kifuani, fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma: nenda hospitali. Nenda sasa hivi, hata kama umevaa khanga ya kulalia. Mimi nitakusubiri hapa. Ukishaonwa na daktari ukaambiwa si kiharusi, rudi ukae, maana utakuwa na muda mwingi wa kusoma na jicho moja la kusomea.

Naandika haya kwa sababu simu yangu imegeuka zahanati. Kila baada ya siku chache mtu nisiyemjua ananitumia picha ya uso wake uliopinda na kuniuliza, "Dada Zuhura, wangu ni kama ule wako?" Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Tena mimi ni mtangazaji, nikipewa nafasi ya kusema na watu wengi kwa mpigo siikatai.

Nimetangaza michezo kwenye televisheni miaka kumi na mmoja. Miaka kumi kati ya hiyo nilisoma matokeo nikiwa nimekaa katikati ya wachambuzi wawili wanaoaminiwa kuliko mimi kwa sababu wana ndevu. Mwaka ule wa kumi na moja ndipo nilipopangiwa kuongoza matangazo ya mechi ya watani, kutoka uwanjani, nimesimama pembeni ya nyasi. Kwa mgeni asiyejua, watani ni timu mbili zilizozaliwa hapa hapa Kariakoo, mitaa ambayo unaweza kuitembea kutoka mmoja hadi mwingine kabla andazi halijapoa, na nchi nzima imegawanyika kati yao. Sitazitaja majina. Nakaa ghorofa ya tatu Kariakoo na bado napenda kupanda ngazi zangu kwa amani. Moja nitaiita timu ya mume wangu, nyingine tutasema watani wao, yatosha.

Mimi mwenyewe niko upande gani? Hata mama yangu mzazi hajui. Mtangazaji wa michezo akishajulikana timu yake hapa mjini, kazi imekwisha. Unaweza kukosea jina la mchezaji, unaweza kukosea hata dakika, lakini uso lazima uwe wa hakimu. Nilikuwa najivunia uso wangu kwa hilo.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa. Siku mbili nzima nilikuwa na maumivu nyuma ya sikio la kushoto, na asubuhi ile chai ilikuwa na ladha ya sarafu. Nilimlaumu muuza majani. Saa kumi na mbili jioni nikakaa mbele ya kamera kusoma matokeo, na tokeo la kwanza lilikuwa zito: timu ya mume wangu imefungwa mbili bila, hapa hapa nyumbani, na katimu kadogo kutoka mkoani.

Nikasoma. Nilikuwa nimeanza kuhisi mdomo mzito, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mara kwenye kidude cha sikioni nikamsikia mwongozaji wa kipindi ananinong'oneza, "Zuhura, usicheke."

Sikuwa nacheka. Nikaendelea. "Zuhura, acha kucheka, watu wamefungwa!"

Hapo nikasahau niko wapi, nikamjibu kwa sauti, mubashara, mbele ya taifa zima: "Sicheki!"

Tulipokwenda kwenye matangazo ya biashara, mpiga picha wetu Kassim, kijana mpole ambaye hajawahi kuniambia neno baya, aliiacha kamera akaja kunisogelea. Aliniangalia kama fundi anavyoangalia ufa kwenye nguzo. "Dada, hebu tabasamu," akasema. Nikatabasamu. Yeye akaacha kutabasamu.

Nilijitazama kwenye kioo cha simu yake. Upande wa kulia ulikuwa wangu. Wa kushoto ulikuwa umelala, nyusi chini, shavu chini, mdomo wote umevutwa kwenda kulia, na ukiangalia haraka unaona mwanamke anayetabasamu kwa kejeli. Nusu ya nchi ilikuwa imeangalia haraka.

Niliogopa sana. Baba yangu alianza hivyo hivyo, mdomo kwanza, na hakufika wiki. Njiani kwenda hospitali nilikuwa nainua mkono wa kushoto na kuushusha, nainua na kuushusha, kuhakikisha bado unanitii. Dereva wa teksi alidhani nampungia kila tunayempita, akapunguza mwendo kwa heshima.

Nesi wa mapokezi alinifunga kitambaa cha presha, akanikazia macho. "Si wewe uliyetucheka saa hizi?"

"Naumwa," nikamwambia. Neno lilitoka limelowa.

Alinitazama vizuri, akapeleka mkono kinywani. "Mungu wangu. Pole dada. Lakini mbili bila jamani inauma."

Idrisa, mume wangu, alifika akiwa na jezi ya timu yake na viatu viwili visivyofanana. Baadaye alikiri kwamba alikuwa anaangalia na wenzake sebuleni kwetu, na nilipopinda mdomo akazima televisheni kwa hasira akasema, "Mke wangu ananicheka mbele ya watu." Kassim alipompigia simu, aliondoka bila kuwaaga. Wageni walibaki sebuleni kwetu, wakaondoka baadaye na kuufunga mlango wenyewe.

Daktari alinipima nyuma ya pazia lisilofika mwisho. "Inua nyusi. Jaza mashavu upepo. Nionyeshe meno." Kwenye pengo la pazia niliona benchi zima la wagonjwa na wasindikizaji wao wakiinua nyusi, wakijaza mashavu, kila mtu anajikagua. Bibi mmoja alimwonyesha meno jirani yake na kumuuliza kama yamekaa sawa.

"Si kiharusi," daktari akasema. "Ni neva ya uso, imevimba. Mikono iko sawa, miguu iko sawa. Kwa watu wengi uso hurudi, baada ya wiki au miezi." Akaniandikia vidonge vya siku kumi, matone ya jicho, na plasta ya kulifunga jicho nikilala kwa sababu lenyewe halikuwa linafumba. Nilimshukuru Mungu kwa neno "si kiharusi". Neno "wengi" ndilo lililonisumbua njia nzima, maana hakuna aliyenihakikishia kwamba na mimi nimo.

Siku za vidonge nilijifunza mambo ambayo hakuna anayekwambia. Chai kwa mrija. Wali kwa kijiko kidogo, upande wa kulia, na kidole cha kushoto kimeshikilia mdomo kama mtu anayezuia mlango. Herufi zinazohitaji midomo kukutana zote ziliondoka. Hebu jaribu kutangaza mpira bila M, bila P na bila B. Huna mpira, huna penalti, huna bao. Nilibaki na kona tu.

Mama, Bi Tatu, alihamia kwetu kutoka Ilala akiwa na mkoba wa nguo na kikapu cha dawa. Tangawizi, mafuta ya habasoda, majani ambayo alikataa kuniambia jina. Sheikh wa msikiti wao aliniandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikalinywa kwa mrija, kwa heshima zote. Kwa kila kitu nilimuuliza daktari kwanza kama kitagombana na vidonge, na mama kwa kila kitu alinuna kwamba daktari ameulizwa. Tukaishi hivyo vizuri tu, mpaka Jumatano walipokuja wazee wa tawi.

Walikuwa watatu, na mfuko wa machungwa. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Shaweji, mwenyekiti wa tawi la mashabiki ambalo Idrisa ni mwanachama, mtu mzima mwenye kofia safi ya kiua na sauti ya kutoa nasaha harusini.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Pole sana." Akakaa, akakohoa. "Tumekuja kwa niaba ya kamati ya ufundi."

Lazima niieleze kamati ya ufundi. Katika mpira wetu, kwenye makaratasi ni kamati ya mambo ya kiufundi. Nje ya makaratasi ndiyo inayojua nani kafukia nini golini, kwa nini basi la wachezaji limeingia uwanjani kinyumenyume, na mayai yale yamevunjwa getini na nani. Kila mtu anaijua, na hakuna aliyewahi kuwa mjumbe wake. Hawa walikuwa wa kwanza kujitambulisha kwangu.

"Mwanangu," akasema Mzee Shaweji, "hatukukulenga wewe. Kile kitu kilikuwa cha golikipa wao."

"Kilimkosa," akasema wa pili, kichwa chini, kama mshambuliaji aliyepaisha penalti.

"Kikapita hewani," akamalizia wa tatu, "kikaingia kwenye mitambo ya matangazo."

Nilijaribu kucheka, uso ukakataa. Nikawaambia ni neva. Nikawaambia na vidonge vipo, hivi hapa mezani. Nikawauliza, kama kitu chenu kinafanya kazi, mbona golikipa yule alidaka kila shuti?

"Si ndiyo tunavyosema?" akasema Mzee Shaweji kwa upole. "Kilimkosa."



Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakusalimia. "Nani alichanga hicho kitu?"

"Tawi zima, mama," akasema Mzee Shaweji.

Macho ya watu wote chumbani yakamgeukia Idrisa, ambaye alikuwa ameinua uso anaangalia feni ya darini kana kwamba ndiyo kwanza imefungwa.

"Mimi nilichangia usafiri tu," akasema.

Kuanzia siku ile mama hakumsemesha mkwewe. Walikula meza moja, na alikuwa anamfulia hata mashati, lakini maneno yote yalipitia kwangu. "Zuhura, mwambie mumeo chakula kipo." Mumeo yuko hapo hapo, mkono umeshafika kwenye bakuli. Katika nyumba yenye watu watatu, msemaji alikuwa yule pekee asiyeweza kutamka.

Nataka niseme wazi kwamba haikuwa mchezo wakati wote. Kila jioni kabla sijalala Idrisa ndiye aliyenifunga jicho kwa plasta. Mikono yake ni ya kukata vitambaa, ana kibanda cha kushona suruali mtaa wa pili, lakini kwenye jicho langu alibandika na kubandua mara tatu ndipo plasta ikakaa. Siku moja akaniuliza polepole, "Zuhu, na kama kweli ni sisi?" Nilikasirika kuliko siku zote za ndoa yetu. Nilimrushia mrija. Nilimwambia kwamba hata ugonjwa wangu sasa ameufanya wa timu yake, kwamba mimi nimelala hapa na nusu ya uso na yeye anaulizia matokeo. Aliokota mrija, akaenda kuuosha, na nilimsikia analia jikoni na bomba limefunguliwa ili nisisikie. Tuliombana radhi asubuhi, lakini lile swali lilibaki nyumbani kwetu kama mgeni wa nne.

Vidonge vikaisha, vuli ikaanza, na uso haukutikisika. Mechi ya watani ya kwanza ya msimu ikafika. Aliiongoza kijana wetu mpya, Brayo, mwenye suti iliyombana na meno mengi. Niliangalia nikiwa kitandani. Alisema "mpira ni dakika tisini" mara kumi na moja. Nilihesabu kwa wivu, sitadanganya. Kijana alifanya vizuri na mimi nilimwombea akohoe.

Daktari akanipeleka kwa Bi Hansa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwenye chumba chake karibu na Posta. Ni Mhindu aliyezaliwa na kukulia mjini hapa, na Kiswahili chake kina kasi kuliko changu. Ukumbi wake wa kusubiri una kalenda ya miungu iliyovishwa shada la maua ya njano, na benchi moja refu ambapo kila Jumanne tulikaa watu wale wale: mzee wa goti, mama wa bega, na mimi wa uso. Tulijuana mpaka tukawa tunaulizana kwa viungo. "Goti leo hajaja?" "Goti kasafiri Tanga." Kwenye benchi lile hakuna aliyenihurumia na hakuna aliyenishangaa, na hiyo ilikuwa raha ambayo nyumbani sikuipata.

"Mama, wewe unajionea huruma sana," Bi Hansa aliniambia wiki ya tatu. "Unakaa na kioo dakika mbili, unalia dakika ishirini. Geuza hesabu." Akanipa filimbi ya refa. "Puliza hii kila siku. Siku ikilia, njoo nambie."

Wiki nyingi ilitoa upepo na mate. Nilikuwa napuliza nikiwa nimesimama kibarazani kwetu, ghorofa ya tatu, mtaa mzima wa wamachinga chini yangu, ili nipate hewa na nisimsikie mama akisema "mwambie mumeo". Halafu Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili, saa nne asubuhi, soko limejaa watu wa sikukuu, filimbi ikalia. Ililia kwa nguvu, ndefu, safi kabisa.

Chini mtu akapiga kelele, "Mgambo!"

Sijawahi kuona mtaa unakunjwa haraka vile. Maturubai yakavutwa pembe nne yakawa mabegi. Viatu, soksi, vichupa vya manukato, vyote vikapotea vichochoroni. Muuza sidiria akaingia kwenye ngazi za jengo letu na mti wake wote wa bidhaa. Ndani ya dakika moja mtaa ulibaki na wateja walioshika noti hewani, hawana wa kumpa.

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Ni mimi, naumwa!"

Wakainua vichwa. Mwanamke mmoja anayeuza vyombo vya plastiki akanitambua. "Wewe dada wa mpira! Unataka kutuua na presha?"

Walituma ujumbe wa watu wawili ghorofani. Tukakubaliana nitapuliza baada ya alasiri tu, wakati inajulikana mgambo wa jiji wameshaondoka. Tangu hapo kila alasiri nilikuwa na wasikilizaji. "Leo imekwama dada!" "Leo safi, ongeza!" Hakuna mganga wala daktari aliyenifuatilia kwa uaminifu kama wale.

Lakini nirudi kwenye ile Jumamosi. Baada ya vurugu nilikwenda kwenye kioo cha bafuni nikajaribu kutabasamu, na pembe ya kushoto ya mdomo ikapanda. Ilipanda kiasi cha punje ya mchele. Nikamwita mama. Mama akaja, akaangalia, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akageuka mlangoni, akaita kwa sauti iliyofika mtaani, "Idrisa! Idrisa baba, njoo uone!"

Idrisa alikuja mbio. Sijui alifurahia kipi zaidi, mdomo wangu au jina lake.

Masika ilipokaribia, uso ulikuwa umerudi karibu wote. Nikiwa nimetulia, hujui kitu. Nikicheka au nikisema haraka, mdomo bado ulikuwa unateleza kidogo kwenda kulia, na jicho la kushoto linajikunja lenyewe kama ninakonyeza. Mechi ya pili ya watani ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Nikavaa vizuri nikaenda kwa bosi wetu, Bwana Mbelwa, kumwambia niko tayari.

Alinisifia sauti dakika tano. Sauti yako dhahabu, Zuhura. Redio yetu inakuhitaji, Zuhura. Mtu akikusifia sauti sana, jua hataki kuuona uso.

"Na televisheni?" nikamuuliza.

Akazungusha kalamu. "Ile mechi lazima mmoja afungwe. Akifungwa, na wewe ukapinda mdomo vile, watasema unawacheka. Mara ya kwanza tuliomba radhi. Mara ya pili watakuja hapa na mawe."

Alichosema kilikuwa kweli. Nililia kwenye ngazi za ofisi, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Miezi yote nilikuwa nadhani nikipona nitarudi. Sasa nilikuwa nimepona, na aliyekuwa hajapona ni mtazamaji.

Nilimwambia Idrisa. Idrisa akaliambia tawi. Siku tatu baadaye Bwana Mbelwa akaniita, ameng'aa, ana barua mezani yenye muhuri wa duara na sahihi tatu. Akanisomea kwa sauti. Tawi linathibitisha kwamba hali ya uso wa mtangazaji imetokana na "tukio la bahati mbaya la kiufundi" lililo chini ya dhamana ya tawi, na kwamba mtangazaji akionekana kuwacheka, wanachama wote wameelekezwa kuelewa kuwa hawacheki. Nakala imepelekwa kwa matawi yote. Kesho yake matawi ya watani wao nayo yakaleta barua, kwa sababu watani hawakubali kupitwa: hata sisi tumesikitishwa, hata sisi tutaelewa.

"Imekwisha," akasema Bwana Mbelwa. "Mechi ni yako. Ila, Zuhura, hiyo habari ya neva usiiguse. Waache waamini wanachoamini. Hicho ndicho kinachokulinda."

Mama naye akasema chukua kazi, nyamaza. Na mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza. Msiniheshimu zaidi ya ninavyostahili: niliitaka ile mechi kuliko nilivyoutaka ukweli. Lakini barua zile zilipigwa picha zikasambaa, na simu yangu ikaanza kuita. Mwanamke mmoja aliniandikia kwamba mumewe ana wiki tatu uso umepinda, jicho halifungi, sasa limeanza kidonda. Hakuniuliza hospitali. Aliandika, "Dada naomba namba ya mganga aliyekuzindua." Nilimpigia, nikamsihi ampeleke mumewe hospitali siku ile ile. Akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu anayejua kwamba nimebania namba.

Siku ya mechi mvua ilikuwa imenyesha mchana na nyasi zinang'aa. Kassim akanong'ona, "Dada, nitakupiga kutoka kulia, hawataona kitu." Nikamwambia anipige mbele. Taa nyekundu ikawaka. Nikawakaribisha watazamaji, nikataja uwanja, nikataja waamuzi. Kisha nikasema:

"Kabla hatujaanza. Mwezi wa tisa mliniona nimepinda mdomo mkadhani nacheka. Nilikuwa naumwa. Neva ya uso wangu ilivimba. Hakuna aliyenitupia kitu, na hakuna aliyenizindua. Nilikwenda hospitali jioni ile ile, nikameza vidonge, nikafanya mazoezi miezi sita. Kama ni wewe leo, au mzazi wako, usisubiri. Linda jicho, nenda hospitali. Sasa tuangalie vikosi."

Sikioni mwongozaji alikuwa anapiga kelele turudi kwenye mpira. Mdomo uliteleza kulia, jicho likajikunja, nikaviacha vyote vifanye vinavyotaka.

Mechi yenyewe iliisha bila kufungana. Baada ya hofu yote ile hakukuwa na wa kuchekwa.

Mzee Shaweji alinipigia kabla sijatoka uwanjani, na alikuwa ameumia kweli. "Mwanangu, umetudhalilisha. Sasa watani wanasema kamati yetu haiwezi hata kupinda mdomo wa mtu." Nilimwomba radhi, na mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa ubaridi. Bwana Mbelwa alinipa barua mbili siku moja, ya onyo na ya ratiba ya msimu ujao yenye jina langu. Sikumuuliza aliyoikusudia ni ipi.

Wiki iliyofuata nilirudi hospitali kupimwa jicho. Kwenye benchi alikuwa amekaa fundi magari kutoka Buguruni, ovaroli yake ina mafuta, uso umelala upande wa kushoto kama wangu wa mwezi wa tisa. Mkewe alikuwa pembeni yake na chupa ya chai. Walinitambua wakanisogezea nafasi.

"Mambo dada," akasema, kwa shida.

"Poa. Una siku ngapi?"

"Saba," mkewe akajibu. "Siku ya mechi tulikuwa kwa mganga, na kuku mweusi tumeshamfikisha. Sasa mganga naye ni mpenzi wa mpira, kawasha televisheni. Wewe ukasema yale maneno. Mganga kanitazama, kasema nendeni hospitali."

"Na kuku?"

"Kuku kabaki naye."

Nikamwonyesha yule fundi jinsi ya kushikilia pembe ya mdomo kwa kidole, nikamtolea mrija kwenye mkoba wangu, nikautia kwenye kikombe chake. Akanywa, na haikumwagika. Alipomaliza akaniuliza kile ambacho na mimi niliwauliza watu wote.

"Dada, niambie ukweli. Uso utarudi?"

"Nitazame," nikamwambia. "Upande wangu uliolala ulikuwa upi?"

Nikatulia. Alinitazama muda mrefu, shavu hili, shavu lile, na mkewe naye akainama kutazama, kama watu wanaochagua embe sokoni. Wakaangaliana.

"Wa kulia," akasema fundi.

"Wa kulia huo," mkewe akaunga mkono. "Unaonekana kabisa."